Kiti cha Abiria Kiko Moto

Nilimzimia mume wangu gari akiwa na mwanamke ndani yake.

Sikumvizia njiani. Sikushika jiwe wala kisu. Nilikuwa nimekaa ofisini kwangu, kikombe cha chai mezani, simu mkononi. Nikabonyeza. Simu ikaniuliza kama nina uhakika.

Nikajibu ndiyo...

Ilikuwa Jumanne, saa tatu kasoro dakika tano asubuhi.

Wengi wenu humu kundini mlikuwepo. Ile posti mnaikumbuka vizuri sana. Mliniita mwanamke wa shoka, mkaniambia nisirudi nyuma hata hatua moja. Halafu nikapotea, mkabaki mnadai picha za fumanizi mpaka wengine mkaanza kunitukana kwamba nimewachezea akili.

Picha sina, jamani. Ila nimekuja kuwamalizia. Naomba leo mnisome mpaka chini.

Mimi ni karani wa shule. Barua, risiti, kengele, wazazi wenye hasira, wote wanapita kwangu. Mume wangu ni fundi lifti. Zile lifti za maghorofa zikikwama na watu ndani, yeye ndiye anayeitwa.

Gari tulilinunua mwishoni mwa mwaka jana. Mtumba, ila mtumba wa heshima! Limetoka huko kwenye nchi za barafu. Linawaka kwa kitufe. Mvua ikidondoka tone moja tu, wipa zinaamka zenyewe. Ukirudi nyuma, skrini inakuonyesha mpaka paka aliyelala uvunguni. Na lina mwanamke humo ndani anayeongea lugha ambayo sisi wote wawili hatujui hata salamu yake.

"Anasema nini?" nilimuuliza mume wangu siku ya kwanza.

"Anasema mkeo mzuri, ila afunge mkanda."

Huyo ndiye mume wangu. Muongo wa vitu vidogo vidogo vya kuchekesha. Vikubwa sikuwahi kumkamata navyo.

Kulikuwa na kitufe kingine, kimechorwa kiti na mvuke unapanda. Tukakibonyeza. Baada ya dakika moja nikaruka!

"Baba wee! Kiti kinachoma!"

Kumbe viti vinapashwa moto. Tulicheka hadi tukatoka machozi. Kwa jua hili letu, nani anahitaji kupashwa makalio? Mume wangu alisema kile kitufe tutakiuza peke yake.

Mimi kuendesha sijui. Kwa hiyo kiti cha abiria ndicho changu. Nilikipanga kwa umeme, mgongo hivi, miguu hivi, nikamwambia mtu yeyote asikiguse.

Sasa, lile gari linaungana na simu. Mume wangu simu yake ni kitochi cha vitufe, kwa sababu simu tatu za maana ameshazidondosha kwenye mashimo ya lifti. Muuzaji akaniwekea mimi hiyo programu. Nikifungua naona gari liko wapi, milango imefungwa au la, AC iko ngapi, kiti gani kimewashwa moto. Na kama limeibiwa, likisimama tu, ninaweza kuizima injini na kuizuia isiwake tena.

Kwenye ile programu mmiliki ni mimi. Nilijisikia bosi.

Kuna jambo lingine lazima mlijue. Nilikuwa na mimba ya miezi mitano. Miaka saba tumetafuta. Mbili zilitoka kabla ya hii, moja ikanitoka nikiwa kwenye foleni ya benki. Daktari alimwambia mume wangu mbele yangu, "Huyu asibebe vitu, asikimbie, na asipewe habari za kumshtua."

Mume wangu akaitikia kama anakula kiapo.

Basi.

Siku moja alikuja kunichukua kazini, mvua inanyesha. Nikafungua mlango, nikakaa... nusura nilale chali! Kiti changu kimelazwa mpaka nyuma.

"Nani amelala hapa?"

"Nilibeba vyuma vya lifti. Vilikuwa virefu."

Nikapeleka mkono kwenye kiti. Cha moto.

"Na vyuma ulivipasha moto?"

"Labda nimegusa kitufe kwa bahati mbaya, mama."

Hakunitazama. Ndani ya gari kulinuka dawa ya kuchua, ile kali inayopanda puani. Nikakinyanyua kiti, nikafunga mkanda. Ila moyoni, wapendwa, nilianza kuhesabu siku.

Kuanzia hapo kila asubuhi, kabla mkuu wa shule hajaniletea barua zake, nilikuwa nafungua simu na kutazama gari liko wapi.

Jumatatu, kazini kwake. Jumatano, kazini kwake.

Jumanne... kwenye mtaa nisioujua. Alhamisi, mtaa ule ule, nyumba ile ile. Saa tatu kasoro. Na kila mara, baada ya dakika chache, maandishi yanatokea: kiti cha abiria, moto, ngazi ya juu kabisa.

Siyo kitufe kilichoguswa kwa bahati mbaya. Kuna mtu amekaa pale na anajisikia nyumbani.

Jumamosi mimi siendi kazini, lakini yeye siku zote alikuwa anaondoka. "Zamu ya matengenezo," anasema.

Nilikuwa na mtu mmoja tu wa kumlilia. Dada yangu.

Dada yangu ni mshonaji. Mama yetu alipofariki mimi nilikuwa na miaka sita, yeye kumi na saba. Aliacha shule, akakaa kwenye cherehani, akanilea. Sare zangu zote alishona yeye. Shela ya harusi yangu alishona yeye, akailaza kitandani na kuilinda usiku kucha. Alikuwa ananiita Kadogo, na bado alikuwa ananiita hivyo nikiwa na miaka thelathini na nne.

Miezi mitatu nyuma alikuwa ameniaga. Amepata kazi ya kushona sare kwenye kiwanda, mji wa mbali. Tulikuwa tunaongea kwa simu karibu kila siku. Video alikuwa hataki, anasema kamera ya simu yake imekufa.

Jumatatu ile nikampigia.

"Dada, huyu mwanaume ana mtu."

"Nani?"

"Shemeji yako! Kuna mwanamke anakalia kiti changu kwenye gari. Anakilaza kabisa!"

Nikatazama kioo kama simu imekatika.

"Dada, upo?"

"Nipo. Labda mgongo unamuuma, Kadogo."

"Unamtetea? Anawasha mpaka moto! Sijui ana makalio mapana kiasi gani hayapati joto!"

Akacheka. Halafu akakohoa, akakohoa tena, muda mrefu.

"Una mafua?"

"Vumbi la vitambaa. Sikiliza. Mumeo siyo mtu mbaya. Umemuuliza?"

"Atanidanganya."

"Muulize vizuri. Kaa naye chini, umuulize kama mkewe, siyo kama askari. Ukimuuliza hivyo atakwambia."

"Wewe hujaolewa, huwajui wanaume."

Jamani, nilimwambia hivyo. Dada yangu hakuolewa kwa sababu yangu. Mchumba wake hakutaka kuoa mwanamke na mtoto wa mama yake juu. Hilo nalijua tangu utotoni na bado nilimwambia.

"Haya," akasema. "Kunywa maji, ulale."

Sikumuuliza mume wangu. Nilitaka nimkamate. Nilitaka siku hiyo nikiongea, yeye asiwe na pa kutokea.

Na Jumamosi iliyotangulia, kabla hata ya simu ile, nilikuwa nimeshamfanyia vituko. Amevaa, ameshika ufunguo, nikajilaza kitandani nikashika tumbo.

"Leo huondoki. Najisikia vibaya."

"Twende hospitali?"

"Hapana. Nataka ukae na mimi tu. Au kuna mtu anakungoja?"

Aliutazama ufunguo, akautia mfukoni. Halafu akatoka barazani kupiga simu, sauti ya chini. Nikasikia anasema, "Una uhakika? Tafuta basi mtu akupeleke." Aliporudi akavua viatu, akakaa. Siku nzima alikuwa anatazama saa.

Mimi nilijisikia mshindi.

Jumanne ikafika. Nimefika ofisini, nimefungua simu. Gari liko kule. Kiti cha abiria, moto, ngazi ya juu.

Mwenzangu wa ofisini tunamwita Kipaza, kwa sababu siri kwake haikai. Akachungulia begani kwangu.

"Hee! Ndiye huyo?"

"Ndiye."

"Na wewe umekaa tu na chai? Weka kundini!"

Nikapiga picha ya kioo cha simu, nikaiweka humu. Nikaandika: Wanawake wenzangu, mume wangu yuko na mchepuko sasa hivi, gari langu linampasha makalio, na mimi nina uwezo wa kulizima. Nifanye nini?

Mnakumbuka mlichojibu?

"Zimaaaa!"

"Zima halafu nenda na chumvi ya mawe!"

"Mimba miezi mitano na mume anabebana na malaya? Zima dada, tuko nyuma yako."

"Ukishafika uwashe kamera, usitunyime."

Dakika kumi, komenti mia nne. Siwasingizii. Kidole ni changu na nilibonyeza mwenyewe. Ila nilibonyeza nikiwa nasikia makofi.

Gari lilikuwa bado limesimama kwenye ile nyumba, likazimika hapo hapo. Programu ikaandika: injini imezuiwa.

Simu ikaita. Mume wangu. Nikaiacha. Ikaita tena. Nikaiacha. Kipaza anapiga meza kwa furaha.

Ukaingia ujumbe.

"Washa gari tafadhali. Tunaenda hospitali. Nitakueleza."

Hospitali?

Mnajua akili ilinipeleka wapi? Kliniki. Nikasema na yeye ana mimba! Mimi nimesubiri miaka saba, huyu anampeleka mwingine kliniki kwenye gari langu!

Ule ujumbe nao nikauweka hapa. Mkachemka upya. Nikazuia namba ya mume wangu asinipate kabisa, si kwa simu wala kwa ujumbe.

Dada akapiga.

Nilijua atasema nini. Kunywa maji, muulize vizuri. Sikutaka kupozwa. Nikakata. Akapiga tena, nikakata tena.

Nikaita pikipiki. Wakati naisubiri getini nilikuwa najibu komenti zenu moja moja. Kuna aliyeuliza, "Umeshatoka?" Nikamjibu, "Nangoja pikipiki mwenzenu, leo kitaeleweka," na vicheko vitatu. Halafu nikaitupa simu kwenye mkoba.

Safari ilichukua dakika ishirini na tano. Dereva wa pikipiki aliona tumbo langu, akawa anaenda polepole. Nikamgombeza aongeze mwendo.

Mtaa ulikuwa wa vyumba vya kupanga, njia nyembamba. Nikaliona gari mwishoni, milango yote minne wazi. Wanawake watatu wamesimama pembeni, mikono kifuani. Mume wangu amepiga magoti chini kwenye mlango wa abiria, amepakata miguu ya mtu.

Nikawasha kamera.

"Mtoe nje nimwone! Mtoe!"

Mume wangu akageuka. Nimeishi naye miaka tisa, ule uso sikuwahi kuuona.

"Washa gari," akasema.

"Kwanza nimwone!"

"Nakuomba washa gari."

Nikasogea. Nikaona miguu kwanza. Imevimba mpaka ngozi inang'aa, viatu haviingii. Nikaona khanga mbili na sweta, kwenye jua lile. Nikaona uso, umevimba chini ya macho, rangi ya majivu.

Macho ndiyo niliyoyatambua.

"Kadogo," akasema, kwa pumzi fupi. "Umepanda pikipiki... na hilo tumbo?"

Simu ilinidondoka.

"Dada?"

"Okota simu," mume wangu akasema. "Okota, washa gari!"

Nikaokota. Kioo kimepasuka kona. Programu ikadai namba ya siri. Vidole vyangu vikakosea. Vikakosea tena. Ya tatu ikakubali, halafu kikaanza kile kiduara kinachozunguka... kinazunguka... kinazunguka... Mtandao wa mtaa ule ulikuwa wa kuomba. Nilinyanyua simu juu, nikazunguka nayo, nikalia kwa sauti. Mwanamke mmoja aliniambia taksi waliyoita imekwama barabara kubwa karibu nusu saa.

Injini imeruhusiwa.

Mume wangu alibonyeza, likawaka. Yule mwanamke wa kwenye gari akasema maneno yake yasiyoeleweka, kwa sauti yake nzuri, na hakuna aliyecheka.

Mimi nilikaa nyuma. Nikapitisha mikono pembeni ya kiti, nikamshika dada yangu mabega. Vioo vimefungwa, AC imezimwa, mume wangu jasho linamtiririka mpaka kwenye mkanda. Dada yangu alikuwa anatetemeka kwa baridi.

"Tangu lini?"

"Miezi mitatu. Figo. Zote."

"Kiwandani?"

"Hakuna kiwanda, Kadogo. Nilipanga chumba karibu na barabara ya hospitali. Wananisafisha damu kwa mashine... mara tatu kwa wiki. Nikitoka pale baridi inaniingia mpaka kwenye mifupa. Shemeji akasema gari lina kiti cha moto." Akavuta pumzi. "Kitu kizuri sana hicho."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungesemaje?"

"Ningekupa figo yangu! Hata leo!"

"Umeona? Na daktari angekukatalia, na wewe usingelala, usingekula. Na huyo?" Aliinua mkono kidogo kuelekea tumboni kwangu, ukaanguka. "Nilimwapisha mumeo. Nilimwambia ukijua na mtoto akatoka, sitamsamehe. Usimgombeze."

"Dada, nisamehe."

"Ila yale makalio mapana," akasema, "hayo sijakusamehe."

Nikacheka na kulia pamoja. Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyoniambia kwa mdomo wake. Baada ya hapo alifumba macho, akawa anapigana na pumzi tu.

Hospitali walikuja na kiti cha magurudumu mbio. Muuguzi alikuwa anamjua. Alimgusa miguu, akageuka kwa hasira.

"Jumamosi hakuja. Kwa nini hakuja Jumamosi?"

Mume wangu akatazama chini. Hakunitaja.

"Alisema atapanda taksi," akajibu polepole. "Nguvu zikamwishia mlangoni. Mimi sikwenda kumchukua."

Na mimi nilikuwa nimesimama pale pale, nimeshika tumbo lile lile nililolishika Jumamosi kwa uongo.

Walimwingiza. Wakamuunganisha na mashine. Saa tano na nusu muuguzi alitoka, amevua glavu, anatembea bila haraka.

Moyo ulikuwa umesimama. Walijaribu, hawakuurudisha.

Nilimuuliza swali ambalo ninyi pia mnajiuliza. Kama tungefika mapema? Kama nisingelizima?

"Alikosa Jumamosi, mwili ulikuwa umejaa maji na sumu," akasema. "Ule muda ungesaidia au usingesaidia, hakuna anayeweza kukwambia."

Hakuna anayeweza kuniambia. Hiyo ndiyo hukumu niliyopewa, ndugu zangu. Ningeambiwa ni mimi, ningejua cha kubeba. Ningeambiwa siyo mimi, ningelala. Hivi nilivyo naamka kila siku naanza kesi upya.

Tulimzika Alhamisi. Mume wangu hakunisema hata siku moja. Ananipikia uji, ananisindikiza kliniki, ananiuliza kama mtoto amecheza. Juzi nilimlazimisha aniseme. Nikamwambia nitukane basi, nipunguzie. Akajibu, "Mimi pia nilikuwa na mdomo na sikuutumia." Akaondoka kwenda kuoga, na huko bafuni nikamsikia akilia maji yakimwagika.

Sasa nifike kwenye lile lililonirudisha humu.

Wiki iliyopita tulikwenda kufunga kile chumba chake. Kitanda, cherehani, ndoo, na nguo za mtoto alizoshona, seti sita, zimekunjwa kwenye mfuko. Simu yake ilikuwa imeisha chaji. Nikaichaji, nikaiwasha. Haikuwa na namba ya siri.

Ilifunguka kwenye ukurasa wa mwisho alioutumia.

Ukurasa wenyewe ni hili kundi. Posti yangu.

Sikujua kama dada yangu yumo humu. Akaunti yake haina picha, ina ua tu, na jina siyo lake. Nadhani aliingia ili anisome mimi.

Kuna komenti aliandika. Saa tatu na dakika sita. Imekaa chini kidogo ya ile niliyomjibu mtu kwamba nangoja pikipiki. Nilikuwa humu humu. Nilikuwa nimeishika simu. Komenti zilikuwa zinashuka kwa kasi na hii yake ikapita.

Nainakili kama ilivyo.

"Kadogo ni mimi dada yako ndio niko kwenye hicho kiti. Nimekupigia hupokei naona uko huku unajibu watu. Washa gari mama pumzi inakata. Usije mbio una mtoto"

Chini yake kuna vicheko mia mbili na kumi na nne.

Chini yake kuna majibu yenu.

"Eti dada yake! Michepuko ya siku hizi haina hata aibu."

"Pumzi ikate tu, mwizi wa waume wewe."

"Jamani amejileta mwenyewe, nimecheka mpaka basi."

Na kuna mmoja, mmoja tu, aliandika: "Mbona kama ni kweli? Mwenye posti hebu msome huyu." Mkamwambia anyamaze, anaharibu utamu.

Sikuja kugombana na mtu. Mngecheka bila mimi kuleta kichekesho? Mimi ndiye niliyewauliza watu elfu nisiowajua nifanye nini na mume wangu, na yeye mwenyewe, ninayelala naye kitanda kimoja, sikumuuliza. Angenidanganya mara ya kwanza, sawa. Ningeuliza ya pili. Nina hakika ya tatu angesema, maana lile jambo lilikuwa linammaliza.

Kwa hiyo wewe unayesoma hapa na moyo unawaka, unashuku, umeshashika simu ya mtu: muulize kwanza. Muulize uso kwa uso, na akijibu ovyo, muulize tena. Na mtu wako wa damu akipiga simu wakati umekasirika, pokea. Hata kama unajua atakachosema.

Kuna wanaonitumia ujumbe niifute ile posti, wanasema inawatia aibu. Mimi inanitia aibu kuliko ninyi wote.

Ila sitaifuta. Dada yangu hakuniachia barua, na maandishi yake ya mwisho kwangu yako pale, katikati ya matusi. Nikiifuta, na yeye anakwenda.

Nawaomba kitu kimoja tu. Kama ni wewe uliyeweka kicheko chini ya lile ua, rudi ukakitoe. Jana usiku vilikuwa vimebaki mia moja tisini na nane.